Mpira wa Kwenye Kioo Msimu wa Kahawa

Mashine ya gemu aliileta mume wangu kutoka Tunduma, ndani ya mfuko wa salfeti, juu yake kapanga vitunguu. Yeye ni fundi wa matela. Kazi yake iko kule kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na nyumbani kwetu, kata ya Ruanda, anafika Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Aliniambia ameinunua upande wa Nakonde kwa dereva mmoja Mzambia, na kwamba ni ya watoto. Nilimjibu kuwa watoto wana shule na kazi za nyumbani, hawahitaji kitu cha kuwapotezea muda. Nakumbuka nilivyolisema hilo, nimesimama mlangoni na mikono kiunoni, na kila nikikumbuka naona aibu kidogo.

Watoto wenyewe, wanangu wawili wa kike, waliichezea wiki mbili wakachoka, wakarudi kwenye kuruka kamba. Mashine ikabaki pale chini ya TV, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vitu vyote ninavyovithamini bila kuvitumia.

Siku niliyoiwasha mimi ilikuwa Machi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na palizi ya mahindi haikuwezekana. Watoto walikuwa shuleni. Nilikuwa nimeshafua, nimeshachambua maharage, nimeshapanga upya kabati la vyombo ambalo halikuhitaji kupangwa. Nikasema ngoja nione hiki kitu kinafanyaje. Ndani kulikuwa na gemu moja tu, ya mpira wa miguu, na mimi mpira nilikuwa naujua kwa mbali sana: najua upo, najua wanaume wakiutazama hawasikii wakiitwa kula. Nikachagua timu kwa rangi ya jezi, nyekundu kama kahawa iliyokwisha kuiva, nikafungwa tisa bila. Goli la tano nilijifunga mwenyewe, na nikashangilia.

Kesho yake mvua ikanyesha tena, nikafungwa sita.

Kufikia Mei, kahawa ilipoanza kubadilika rangi, nilikuwa natoka sare na mashine mara kwa mara na nilikuwa na ratiba ambayo hakuna aliyeijua. Naamka saa kumi na moja, nawasha moto, watoto wanakwenda shule, nakamua ng'ombe, nakwenda shamba. Saa nane nimerudi, nimekula. Saa tisa kamili naosha mikono kwa sabuni na majani makavu ya mahindi, kwa sababu utomvu wa kahawa unaacha weusi kwenye vidole ambao hautoki kwa maji matupu, halafu nakaa. Saa kumi na nusu watoto wanarudi na kukuta mama anapepeta mchele kwa utulivu kabisa.

Jirani yangu, mama mmoja anayeongoza kwaya yetu, aliwahi kuniuliza mbona mchana nasikika napiga kelele peke yangu ndani. Nikamwambia nilikuwa nafukuza kuku. Nilikuwa nimekosa penalti.

Kitu nilichopenda sikuweza kukieleza vizuri wakati ule. Kazi ya shamba inakwenda taratibu. Unapanda leo, unaona matokeo baada ya miezi, na kwa mibuni baada ya miaka. Pale kwenye kioo nilikuwa nafanya kosa, naliona papo hapo, nalisahihisha baada ya dakika moja. Pia, niseme ukweli, nilikuwa napenda kushinda, na nyumbani hakuna anayekushangilia kwa kupepeta mchele.

Mwisho wa Julai, katikati ya uchumaji, baba mkwe akaja kukaa kwetu.

Yeye ni mtu wa Msangano, kule bondeni Momba, analima mpunga na kufuga ng'ombe wachache wa kulimia. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni na kuvunjika mguu chini ya goti. Kule hospitali ni mbali, kwa hiyo mume wangu akamfuata na kumleta, mguu umefungwa hogo jeupe la plasta, magongo mawili mkononi. Nilifurahi kumpokea, maana ni mtu mwema. Ila ni mkimya, na mimi kwake nilikuwa na heshima ya kupita kiasi. Nilimpigia magoti kila asubuhi nikimwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mama, basi, mazungumzo yetu ya siku yakawa yamekwisha. Yeye ni Mnamwanga, mimi Mnyiha. Lugha zetu zinasikilizana kiasi, lakini tulikuwa tunatumia Kiswahili kwa sababu Kiswahili kilitupa nafasi ya kukaa mbalimbali kidogo.

Tatizo ni kwamba mtu mwenye hogo hukaa sebuleni. Sebuleni ndiko iliko TV.

Siku kumi na mbili sikucheza. Nilizihesabu. Saa tisa ilikuwa inafika, nakuta mikono yangu inakwenda yenyewe kwenye beseni la maji, naiosha, halafu sina pa kwenda nayo. Nilianza kupika vitu ambavyo havikuombwa. Nilimletea baba mkwe chai saa tisa, na saa tisa na nusu nikamletea nyingine, akainywa hiyo pia.

Siku ya kumi na tatu nilipoweka kikombe mezani, akanionyesha kwa kidole kile kitambaa cha kufuma.

"Wajukuu wangu wanasema una timu."

Nilipata joto la uso. Kumbe watoto walijua siku zote. Nikamwambia ni mpira wa kwenye TV tu, baba, ni wa kuchezea mvua ikinyesha.

"Basi cheza, nione," akasema. "Mimi sina kazi."

Nikakaa chini kwenye mkeka, mgongo wima kama niko kanisani, nikawasha. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshafungwa mawili. Nyuma yangu nilikuwa nasikia tu anavyopumua na gongo lake likigusa sakafu kila mpira ulipofika langoni kwetu. Mechi ikaisha. Akanishukuru kwa chai.

Kesho yake saa nane na nusu, nikiwa bado naosha sufuria, akauliza kutoka sebuleni mpira ni saa ngapi.

Ilimchukua siku tatu kuanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba yule wa kulia yuko peke yake tangu tuanze. Sikumwelewa. Akarudia: yule mwenye nywele nyeupe, upande wa kulia, hakuna anayemkaba, na wewe humwoni kwa sababu unatazama mpira. Nikampa pasi yule wa kulia, akakimbia, akafunga. Nikageuka. Baba mkwe alikuwa anatazama dirishani kana kwamba hahusiki.

Hakuwahi kushika pedi ya kuchezea. Alisema vidole vyake vimezoea jembe na kamba, vile vidude vidogo hataviweza. Lakini macho yake yalikuwa yanaona uwanja wote kwa mara moja. Aliniambia baadaye kwamba ukilima kwa ng'ombe wanne huwezi kumtazama mmoja, unajifunza kutazama wote bila kumtazama yeyote. Kuanzia hapo tukawa tunacheza wawili, mikono yangu na macho yake. Tulianza kushinda. Na tulianza kuzungumza, kwanza mambo ya beki na winga, halafu mpunga wa Msangano, halafu marehemu mama mkwe ambaye sikumkuta, jinsi alivyokuwa anaimba akipalilia, na jinsi alivyokataa kabisa kupanda mkokoteni ule ule uliokuja kumwangusha mzee mwenyewe.

Sasa niseme kosa langu.

Kahawa ukishaichuma unaimenya kwa mashine ya mkono, unailoweka, unaiosha, halafu unaianika kwenye vichanja, meza ndefu za miti na wavu, siku kumi na zaidi. Inageuzwa kila mara ili ikauke sawasawa. Usiku na wakati wa mawingu inafunikwa kwa turubai. Ikilowa wakati imekaribia kukauka, inabadilika rangi na inashika harufu, na kazi yote ya mwaka kwenye meza ile inashuka daraja. Nilikuwa na vichanja saba uani, vyote vimejaa, na viwili vya mwisho vilikuwa vimebakiza siku moja au mbili.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, saa tisa na dakika zake. Tulikuwa mbili kwa mbili, na timu ile hatukuwahi kuifunga hata siku moja. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi za kwenye kioo, ambazo kwa saa ya kawaida ni kidogo tu.

"Kuna harufu ya mvua," baba mkwe akasema.

Nikamwambia huu ni Agosti, baba, Agosti hakunyeshi.

"Hata Msangano Agosti hakunyeshi. Lakini harufu ipo."

Niliisikia ile sauti yake. Haikuwa sauti ya kupiga soga. Na niliona kwa pembeni kwamba mwanga wa dirishani umebadilika. Nikamwambia, tumalize hii, baba. Mimi ni mkwe wake, na yeye ni mgeni nyumbani kwangu, na nadhani ndiyo sababu hakusema tena.

Mvua ilianguka kwenye bati kama mtu kamwaga debe la mahindi. Nilitupa pedi, nikatoka mbio bila viatu. Turubai zilikuwa zimekunjwa kichwani mwa kila kichanja. Nilifunika cha kwanza, cha pili, cha tatu, upepo ukawa unanipokonya turubai ya nne, nikaweka mawe, nikaenda cha tano. Nilipogeuka kwenda kwenye vile viwili vya mwisho, nikamwona baba mkwe. Alikuwa amekaa kwenye tope, mguu wa hogo umenyooka mbele, gongo moja limeanguka mbali. Alikuwa ameteleza akiwa anavuta turubai ya kichanja cha sita, na hakuiachia. Ameshikilia pembe yake kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama, na nusu ya kichanja kile ilikuwa imefunikwa na ile turubai aliyoivuta akiwa chini.

Sikuwahi kumgusa baba mkwe zaidi ya mkono wa salamu. Siku ile nilimkumbatia kwapani nikamwinua, akaniegemea mwili mzima, tukaingia ndani tunachuruzika. Nililia. Nilikuwa namwomba msamaha na kumfuta matope usoni kwa kanga yangu mwenyewe. Yeye akawa anatazama juu ya bega langu, kwenye kioo, ambako mpira ulikuwa umeendelea bila sisi hadi ukaisha.

"Wametufunga la tatu," akasema. "Kulia kule kule."

Hogo lililolowa halifai. Kesho yake jirani wa kwaya alimwomba mume wake atupeleke hospitali kwa gari, na daktari akauliza mzee mwenye mguu uliovunjika amepataje matope hadi ndani ya hogo. Baba mkwe akamjibu kwamba alikuwa shamba. Wakamfunga hogo jipya, na bahati nzuri mfupa haukuwa umesogea. Kichanja cha saba kililowa chote, cha sita nusu. Niliianika tena ile kahawa, nikaigeuza kila nusu saa, lakini rangi ilishaondoka. Pale chama cha msingi cha wakulima, mpokeaji wa kahawa aliinusa, akaiweka pembeni na nyingine za daraja la chini. Hakunisema, na afadhali angesema.

Kabla ya hapo, kahawa ikiwa bado uani, mume wangu alipata habari kwa simu akaja Alhamisi, siku isiyo yake. Alipita moja kwa moja uani, akasimama kwenye kichanja cha saba, akachukua kahawa kiganjani akaisugua, akairudisha. Halafu akaingia sebuleni, akamsalimia baba yake, akauliza ilikuwaje.

Baba mkwe akawahi. Akasema ni yeye aliyeomba tuongeze mechi moja. Akasema mimi nilitaka kutoka nje nikafunike, yeye akanizuia, uzee umemwingia, asilaumiwe mtu mwingine.

Alilisema taratibu, bila kunitazama, na lilikuwa limepangika vizuri. Mume wangu hawezi kumfokea baba yake. Ningenyamaza tu, jambo lingeishia pale. Nilitazama lile hogo jipya, jeupe, na vidole vya mguu vilivyotokeza.

"Si kweli," nikasema. "Baba aliniambia mvua inakuja. Mimi ndiye niliyekataa kusimama."

Mume wangu alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akaitazama mashine. Nadhani hadi dakika ile alikuwa anaamini ni ya watoto.

"Kwa hiyo anayecheza ni wewe," akasema. "Na baba anafanya nini?"

"Mimi ni kocha," baba mkwe akasema.

Mume wangu akatoka nje. Nilimsikia nyuma ya jiko akikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kinachofanana sana na kicheko. Aliporudi uso ulikuwa umetulia. Aliniambia kwa upole, lakini bila mzaha, kwamba kahawa ile ni jasho langu kuliko lake, kwa hiyo hanifundishi kazi. Mashine hatainyang'anya, mimi si mtoto. Ila nitafute namna, kwa sababu shamba na mpira haviwezi kwenda vyote kama nilivyokuwa navipeleka.

Namna ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya hasira. Niliiweka mashine kwenye boksi, boksi juu ya kabati, nikaapa hadi kahawa ya mwisho iondoke. Nilifanya kazi siku zile kama ninayeadhibiwa. Nyumba ikarudi kuwa na shikamoo na marahaba. Baba mkwe hakulalamika, lakini alianza kutengeneza vitu. Alirekebisha mpini wa jembe, mguu wa kigoda, bawaba ya mlango wa banda. Siku ya tano nilimkuta anatengeneza ungo wangu ambao haukuwa na ubovu wowote. Nikamwangalia, nikaelewa kwamba nilichoweka juu ya kabati hakikuwa starehe yangu peke yangu.

Jibu nililipata nikiwa nageuza kahawa. Niliinua kichwa nikiwa kichanja cha nne, nikaona baraza la nyumba yangu lilivyokaa. Ukikaa pale unaviona vichanja vyote saba, na juu yake unaiona anga yote hadi milima ya upande wa Mbeya. Nilikuwa nimejifungia ndani kucheza kwa sababu ya kujificha. Nisingejificha, nisingekosa kuliona lile wingu.

Nilichukua waya mrefu wa umeme kwenye sanduku la vifaa vya mume wangu, nikauvuta kutoka sebuleni. Nikatoa meza ndogo, nikatoa TV, nikatundika vitenge viwili kuzuia jua lisipige kioo. Utaratibu ukajipanga wenyewe. Mechi mbili kwa siku, kazi za asubuhi zikiwa zimekwisha. Kipindi cha kwanza kikiisha, tunasimamisha, nakwenda kugeuza kahawa vichanja vyote, narudi kipindi cha pili. Baba mkwe alikuwa anakaa kiti cha pembeni, jicho moja uwanjani, jingine angani. Akisema wingu, hakuna mjadala, hata nikiwa nimebaki na kipa tu. Mara mbili alisema wingu na likawa si wingu, ni moshi wa watu wanaosafisha mashamba. Nilitoka vilevile nikafunika.

Ajabu ni kwamba kahawa yangu haikuwahi kugeuzwa vizuri kama mwezi ule. Zamani nilikuwa naigeuza nikikumbuka. Sasa nilikuwa naigeuza kwa kipenga.

Siri ndiyo ikafa. Baraza letu linatazama njia ya kwenda kisimani, na siku ya kwanza tu mama wa kwaya alisimama pale na ndoo kichwani kipindi kizima. Nilisubiri aniseme. Akauliza yule mwenye jezi ya kijani mbona halali chini anapogongwa ilhali yeye pale njiani anaona kabisa kagongwa. Kesho yake alikuja na kigoda chake. Nilipompa pedi aliishika kwa ncha za vidole kama sahani ya moto, akabonyeza kila kitu kwa pamoja, mchezaji wake akazunguka mahali pamoja mpaka kipindi kikaisha. Alicheka hadi akafunga upya kanga yake. Akawa anakuja Jumanne na Alhamisi, na kwa sababu hakupenda kukaa bure, alikuwa ananisaidia kuokota mbovu kwenye vichanja huku akisubiri zamu.

Mwisho wa Septemba hogo lilitolewa, na katikati ya Oktoba baba mkwe alikuwa anatembea kwa fimbo. Nikaenda naye Mlowo kununua magunia, yeye anyooshe mguu. Tulikuwa tunapita nyuma ya maduka ya wanunuzi wa mazao, akasimama ghafla. Nilidhani mguu. Alikuwa anasikiliza. Kutoka kwenye kibanda kimoja chenye pazia la bluu ilikuwa inasikika ile sauti ya mtangazaji wa gemu yetu, yule Mzungu asiyechoka.

Tuliingia. Kulikuwa na TV tatu na mabenchi, na vijana kama kumi. Mwenye kibanda alinitazama, akaniuliza kwa heshima kama nimemfuata mtoto wangu.

"Hapana," nikamwambia. "Naomba nafasi ya kucheza."

Walinipanga na dereva mmoja wa bajaji, kijana wa Njombe mwenye koti la kung'aa, ambaye wenzake walisema hajafungwa tangu wiki iliyopita. Alikuwa na adabu. Aliniuliza kama najua vitufe, nikamwambia kidogo. Baba mkwe akasimama nyuma yangu na fimbo yake, na mechi ilipoanza akaanza kuniongoza kwa Kinamwanga, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Miezi ile mitatu tulikuwa tumeshahama Kiswahili bila kugundua. Kushoto, mwache huyo, rudi nyuma, kuna mtu nyuma yako. Kijana wa Njombe alikuwa anasikia maneno lakini haambulii kitu. Nilimfunga mbili kwa moja. La pili lilitoka kulia, bila shaka.

Kibanda kizima kilisimama. Kijana aliomba marudiano, nikakubali kwa kiburi, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, kwa sababu muuza vocha aliyekuwa mlangoni alikuwa ni mtu wa Momba. Baba mkwe akisema kushoto kwa Kinamwanga, yule anasema kushoto kwa Kiswahili. Nilifungwa manne bila. Baba mkwe alimgeukia muuza vocha, wakatazamana, wakaanza kuulizana ukoo kwa lugha yao, ikaonekana ni mtoto wa binamu yake. Kijana wa bajaji alitupeleka hadi nyumbani na magunia yetu, na njia nzima alikuwa anamuuliza mzee namna ya kupanga mabeki.

Novemba ilipoanza, mvua za kweli zikakaribia, baba mkwe akasema mashamba ya mpunga hayamsubiri. Mume wangu alikuja kumchukua. Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti kumsalimia kama kawaida, akaniinua kwa mkono kabla sijafika chini. Akasema kwa Kinamwanga kwamba alikuja kwa mwanawe, lakini amekaa kwa binti yake. Nilimfungia maharage na chupa ya asali, nikasimama barabarani hadi gari likapotea.

Wiki tatu zilizofuata sikuwasha mashine hata mara moja, na hakuna aliyenikataza. Nilikuwa napanda mahindi tangu alfajiri hadi mgongo ukakataa, na jioni nilitaka maji ya moto na kitanda, basi. Nilishangaa kwamba sikusikia kiu. Mwanzoni nilidhani nimeacha. Sikuwa nimeacha, nilikuwa na kazi tu, na kazi ilipopungua hamu ikarudi yenyewe bila kelele.

Jumapili moja baada ya ibada mume wangu alikuwa amekaa barazani ametulia. Akaniambia kwamba mafundi wenzake Tunduma wana mashine kama ile pale gereji, na yeye kule ni mmoja wa wanaoogopwa. Alilisema kama la kupita. Nikamuuliza mbona hajawahi kuniambia. Akasema wewe mbona hukuniambia.

Watoto walileta mkeka bila kutumwa. Nilimfunga tano kwa mbili, na angalau magoli mawili kati ya hayo yalikuwa ya huruma, niliyapiga taratibu ili ayaone vizuri. Alikaa kidogo ameshika pedi. Halafu akasema ngoja akaangalie kama kuku wamepata maji, akaenda, na akakaa huko muda mrefu sana kwa watu wenye kuku sita.